Fimbo Kumi na Mbili za Muzamil

Jumamosi ile asubuhi watu wa Mwigobero walimwona Muzamil akipanda bodaboda na mzigo mrefu uliofungwa kwa kanga ya mke wake, wakajua anapeleka ngafi kwa mteja. Haikuwa ngafi. Ndani ya ile kanga kulikuwa na fimbo kumi na mbili za gofu, na Muzamil hajawahi kucheza gofu hata siku moja katika miaka yake hamsini na nne. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye bodaboda nyingine na ndoo ya unga uliokandwa, maana mimi ndiye ninayepika pale klabu ya gofu. Nitasema ukweli tangu mwanzo: mimi ndiye niliyemwingiza kwenye jambo hili.

Muzamil ni fundi wa ngafi, yale makasia ya mitumbwi. Baba yake alikuja Musoma kutoka Ujiji akiwa kijana, akaoa hapa, akajenga kibanda cha mbao pale pale mitumbwi inapoegeshwa. Hicho kibanda ndicho Muzamil alichorithi, pamoja na randa, tezo na keekee ya kutobolea kwa mkono. Ngafi yake huijui kwa macho, unaijua ukiishika. Kabla hajampa mtu anailaza juu ya kidole kimoja, anaisogeza kidogo huku, kidogo kule, mpaka inatulia kama mizani. Pale ilipotulia anakwaruza alama kwa ukucha wa gumba. Kisha anampa mteja, na hamwangalii usoni, anamwangalia bega. Bega likipanda, anamnyang'anya ngafi na kurudi nayo kwenye randa.

"Fundi, mimi naitaka hivyo hivyo!" watu walikuwaga wanamfokea.

"Bega lako haliitaki," anajibu. Basi. Hapo ndipo maneno yake yanapoishia kwa siku nzima.

Lakini siku hizi nani anapiga ngafi? Kila mtumbwi una injini. Mtu ananunua ngafi moja, anaiweka chini ya viti, anaikumbuka injini ikizima katikati ya ziwa. Halafu mwaka huu wakapita watu wa mazingira na kopo la rangi nyekundu. Kilichojengwa ndani ya mita sitini kutoka majini, X. Kibanda cha Muzamil kiko hatua kumi na nne kutoka majini, nilizihesabu mwenyewe nikidhani labda zitaongezeka. Hazikuongezeka. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi awe amekitoa.

Nyumbani hawezi kufanyia kazi, amepanga chumba na sebule, na mwenye nyumba randa ikilia mara mbili tu anagonga ukuta. Palibaki njia moja: Bunda. Kaka yake mkewe, Twalib, ana duka la vifaa vya ujenzi kule, na alikuwa anapiga simu kila siku.

"Shemeji, njoo. Kiti chako kipo. Utapima misumari na kuwaangalia wateja wasichomoe bawaba. Kazi ya kukaa."

Twalib ana moyo mzuri, simsemi. Lakini Muzamil akimaliza kuongea naye alikuwa anaigeuza simu kifudifudi na kuangalia viganja vyake. Siku moja mkewe, Mwanaamina, akaniambia tukiwa tunaparua samaki: "Mama Burito, huyu mtu ukimkalisha kitini apime misumari, mwaka hauishi nitakuwa nimekaa eda." Hakuwa anatania. Alikuwa hata hatazami samaki wake.

Sasa gofu iliingiaje?

Kiwanja chetu kina mashimo tisa, kiko juu kule kwenye mawe, njia ya kwenda Butiama. Majani laini ya kumwagilia hatuna. Kuzunguka kila shimo, mahali ambapo wenzetu wa miji mikubwa wana majani kama zulia, sisi tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, ili upepo wa ziwa usiupeperushe. Mchezaji akifika hapo anachukua ubao uliofungwa gunia, tunauita kifutio, anauburuta kutoka shimoni mpaka kwenye mpira wake. Akishapata njia laini, anausukuma mpira kwa fimbo ya kumalizia. Fimbo hiyo ni fupi, kichwa chake bapa, na ndiyo inayowadhalilisha watu wazima. Mtu anapiga mpira mita mia mbili bila wasiwasi, akibakiza hatua mbili anatetemeka kama anaapishwa.

Mwezi wa nne fimbo ya kumalizia ya Madam Eufrasia ilivunjwa na mlango wa gari lake. Huyu anafanya kazi ofisi za wilaya Butiama, ndiye mwanamke pekee anayecheza pale, na anakuja kila Jumamosi hata awe na homa. Alitaka kuitupa. Nikamwambia nipe, namjua mtu. Nikampelekea Muzamil, nikidhani ataifunga funga. Hakuifunga. Alichonga nyingine nzima: mpini wa mti mgumu kama wa ngafi, kichwa cha mninga, na ndani ya kichwa akamimina risasi za nyavu, zile zinazofungwa chini ili wavu uzame. Akailaza kidoleni, akaipunguza, akaiongeza, mpaka uzito wake ukalingana na ule wa ile iliyovunjika.

Jumamosi iliyofuata Madam Eufrasia akamshinda Dokta Mugeta. Dokta Mugeta ni daktari wa mifugo, mwili mkubwa, sauti ya mnadani, na fimbo yake ya kutoka nje anaivalisha kofia ya sufu kama mtoto mchanga. Siku hiyo hakunywa hata chai.

Ndipo Kapteni Revocatus, kiongozi wa klabu, mwalimu mstaafu, ambaye kitabu cha kanuni hakimtoki mfuko wa shati, akamwita Muzamil. Akamwambia atengeneze fimbo kumi na mbili, kwa ajili ya wale wanachama kumi na wawili wengine. Watazitumia wote siku moja ya mashindano. Mwisho wa mchezo watapiga kura. Wengi wakizipenda, klabu itampa chumba cha stoo cha zamani kiwe karakana yake, atengeneze na kurekebisha fimbo za klabu. Wasipozipenda, atashukuriwa.

Wenyewe mnajua maana ya kushukuriwa.

Alizichonga kwa wiki tano ndani ya kile kibanda chenye X. Zilipokwisha, akataka kuzijaribu, na kwenda klabuni akaona aibu.

"Wataniona nahangaika na mpira kabla ya siku yenyewe," aliniambia. "Mchanga mwingine uko wapi?"

Na mimi, mdomo wangu huu usiongojaga kuulizwa mara mbili, nikasema: "Mugango! Dada yangu Miriamu anaanika dagaa kwenye mchanga. Unafagiwa vizuri kuliko sebule yako."

Alhamisi tukaenda. Miriamu akatuachia kitanda kimoja cha mchanga, akafukia kopo la maziwa liwe shimo, akasimama mkono kiunoni akitucheka. "Mama Burito, mmekuja kuzika nini hapa?"

Muzamil akajaribu ya kwanza. Mpira ukatambaa hatua mbili ukasimama. Ya pili hivyo hivyo. Akasema, "Ni nyepesi, hazina nguvu." Akaomba moto, akayeyusha risasi, akaongeza kwenye kichwa. Mpira ukaenda. Alizifanyia hivyo zote kumi na mbili, moja moja, mpaka jua likatupiga kisogoni, na kila moja ikaingiza mpira koponi. Tukiwa tunarudi alikuwa anaimba kaswida kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akiimba. Na mimi nilijiona mwenye akili nyingi kweli.

Basi, Jumamosi.

Walifika kumi na mmoja. Wa kumi na mbili, Shija, alikuwa amekwenda msibani Suguti. Muzamil akafungua kanga juu ya meza ya jikoni kwangu na kuzipanga. Wanaume wakazizunguka kama watu wanaochagua ng'ombe. Mmoja akanusa kichwa. Mwingine akasema zinafanana na mwiko wa ugali. Kapteni Revocatus akaigeuza geuza ya kwake, akitafuta kitu.

"Jina liko wapi?"

"Jina la nini, mwalimu?"

"La aliyeitengeneza. Kampuni."

"Ni mimi," Muzamil akasema.

Dokta Mugeta akainua yake juu kwenye mwanga. "Nzuri hii! Nzuri! Mke wangu ataitundika sebuleni." Wakacheka. Muzamil akatabasamu, kwa sababu alisikia neno "nzuri" tu, na Mungu amsamehe.

Wakaondoka kwenda kuanza. Madam Eufrasia alikuwa nao akiwa na ile yake ya zamani. Alipopita akaomba kushika moja ya hizi mpya, akaipima mkononi, akasema, "Fundi, hii si nzito kuliko yangu?" Halafu wakamwita, akakimbia. Lile neno likabaki limening'inia hapo. Muzamil akaniangalia. Nikajifanya nasukuma chapati.

Duara la kwanza linaonekana kutoka dirishani kwangu. Yeye alikataa kuangalia. Alikaa kwenye kigogo nyuma ya jiko, mgongo kwa uwanja, mikono katikati ya magoti.

"Niambie tu, Mama Burito. Wanasemaje?"

Dokta Mugeta ndiye aliyeanza. Akaburuta kifutio, akasimama, akatikisa makalio yale kama kuku anayetaka kuatamia, akausukuma mpira. Shimo lilikuwa hatua tatu tu. Mpira ukalifuata, ukalipita, ukaendelea, ukavuka duara lote na kutokea majanini.

"Hee!" akapiga kelele. "Hii ni fimbo au nyundo?"

Wa pili, vile vile. Wa tatu akaugusa taratibu kama anamwamsha mgonjwa, nao ukapita shimo hatua mbili. Nikawasikia wakicheka, lakini kicheko cha watu wanaocheza gofu mpira ukikataa si kicheko kizuri.

"Wanasemaje?" Muzamil akauliza tena.

"Wanasema nzuri."

"Mbona wanapiga kelele?"

"Ndiyo furaha yao, hawa wanakuwaga hivyo."

Nimeshasema uongo mwingi maishani, kwa wateja na kwa wakwe, lakini ule niliusema nimeangalia chapati. Simu ya Muzamil ikaita. Mwanaamina. "Bado," akamwambia, akakata. Haikupita muda, ikaita tena, akaiangalia tu ikilia mpaka ikanyamaza. Huyo alikuwa Twalib.

Walipofika duara la nne sikuweza tena. Nikaacha chapati ikiungua, nikatoka, nikaenda mpaka kwenye duara la mazoezi lililo karibu na jiko, ambalo nimelipita miaka sita bila kuliinamia. Nikainama. Nikaugusa mchanga. Umeshikana, umelainika, mgumu kama sakafu iliyopakwa samli. Nikanusa vidole: oili.

Na mchanga wa Miriamu je? Mkavu. Unakunywa mguu mpaka kifundoni. Nani anamwaga oili pale anapoanika dagaa wa kula watu? Kule mpira unazama, unataka kusukumwa kwa nguvu. Hapa mpira unateleza, hautaki hata kupumuliwa. Tulizitia risasi fimbo kumi na mbili kwa ajili ya mchanga wa dagaa. Na aliyechagua ule mchanga ni nani?

Nilirudi. Nikamwambia. Sikuzungusha, sijui kuzungusha.

"Fundi, mipira inapitiliza. Yote. Fimbo ni nzito. Ni mchanga wa Mugango ulitudanganya, na ni mimi niliyekupeleka."

Akasimama, akaenda mwenyewe kwenye duara, akachukua mchanga kiganjani, akaufinya, akaufungua mkono. Ulibaki umefanya tonge. Alilitazama lile tonge muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nangoja anitukane, ningepumua vizuri zaidi.

Mashimo tisa yakaisha, wakarudi kunywa chai kabla ya kuyazunguka mara ya pili. Hapo ndipo utakapowajua watu. Mmoja aliitupa fimbo mezani ikagonga vikombe. Mwingine akaniambia, "Mama Burito, hii mwambie fundi wako akatwangie kisamvu." Mmoja, mpole, akasema haidhuru, mpini wake mtamu mkononi, kichwa ndicho kina kiburi. Dokta Mugeta alikuwa amelowa jasho. "Shimo la sita nimepiga mara saba! Saba! Mimi!"

Muzamil akasimama mbele yao. Kofia mkononi, tonge la mchanga bado kwenye mkono mwingine.

"Wazee wangu, kosa ni langu," akasema. "Nilizipimia mchanga mkavu, wa kuanikia dagaa. Wa kwenu una oili. Zina risasi nyingi. Nipeni nafasi nizipunguze."

Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama na birika pale pale, na hakunitaja.

"Kumbe tunavua dagaa!" Dokta Mugeta akanguruma, wakaangua kicheko wote, mpaka yule mpole.

Kapteni Revocatus hakucheka. Akachomoa kitabu mfukoni. "Haiwezekani. Fimbo uliyoanza nayo ndiyo unayomaliza nayo. Hairekebishwi katikati ya mchezo. Na kura ni leo, fundi, kama tulivyokubaliana."

Halafu Madam Eufrasia, akiwa na chapati mdomoni, akasema: "Kapteni, na ile ya Shija? Shija hayupo. Ile haijaanza mchezo."

Kapteni akafungua kitabu. Akapindua kurasa, akapindua tena. Sijawahi kuchukia kitabu namna ile. "Hiyo," akasema mwisho, "haiko mchezoni. Aifanye anavyotaka. Wakimaliza, kila mmoja ataijaribu kwenye duara la mazoezi, kisha kura."

Fimbo moja. Muda wa mashimo tisa, saa moja na nusu hivi, kwa mtu ambaye ngafi moja anaikalia siku tatu.

Akamwomba Madam Eufrasia ile yake kwa dakika moja tu. Akailaza kidoleni, akafumba macho, ikatulia. Akaikwangua kwa ukucha, akamrudishia. Wakaondoka.

Nilimwachia jiko langu lote. Aligeuza fimbo ya Shija kichwa chini, akaibana kwenye kigogo, akaanza kuikata risasi kwa keekee aliyokuja nayo, taratibu, vichembe vya risasi vikidondoka kwenye kanga ya Mwanaamina. Akaenda duarani, akaburuta kifutio, akajaribu. Mpira ukapita shimo hatua moja. Akarudi. Akakata. Akaenda. Ukapita nusu hatua. Kule mbali nilisikia watu wakipiga kelele na nikajua wako shimo la tano.

"Fanya haraka," nikasema.

"Nyamaza, Mama Burito." Ni mara ya kwanza ananiambia nyamaza. Nikanyamaza, nanyi mnaonijua mtashangaa.

Akakata tena. Akaenda. Safari hii mpira ukafika karibu na shimo, ukachoka, ukasimama. Mfupi. Amekata kupita kiasi.

Akarudi uso umekuwa wa kijivu. Akaokota vile vichembe vya risasi kimoja kimoja kutoka kwenye kanga, akaviweka kwenye kifuniko cha kopo, akakitia juu ya makaa yangu ya chapati. Nikamwambia moshi huo akautoe nje ya mlango, watu watakula pale, akaburuta jiko zima mpaka uani. Simu ikaita. Nikaipokea mimi. Twalib.

"Shemeji, jibu ndiyo au hapana, kuna mtu mwingine anakitaka kiti."

"Kiti kingoje," nikamwambia, "fundi yuko kazini," nikakata. Halafu nikaogopa. Kama wakikataa, nimemfungia na mlango wa Bunda pia.

Risasi ikayeyuka. Akamimina tone. Tone, siyo zaidi. Akangoja lipoe, akalipulizia kama anavyopulizia mtu chai. Akagongea kijiti cha mninga juu yake kisitoke. Kisha akailaza fimbo kidoleni, na kile kidole kilikuwa kinacheza, fimbo inapanda, inashuka, haitulii. Akashusha mkono. Akaufuta kwenye suruali. Akavuta pumzi, akailaza tena. Ikatulia.

Hakuwa na muda wa kuijaribu. Walikuwa wanakuja.

Walisimama kuzunguka duara la mazoezi, wamechoka, wamechacha. Muzamil akampa Kapteni fimbo, akasogea nyuma, na nikaona anafanya lile lile analofanyaga ufukweni: haangalii mpira. Anaangalia bega.

Kapteni akausukuma. Mpira ukafika ukingoni mwa shimo ukakaa. Yule mpole akaingiza. Mwingine akakosa kwa pembeni, lakini akatikisa kichwa, akaomba kurudia, akakataliwa. Mwingine akakosa. Mwingine akaingiza, akasema "Mh," ile mh ambayo huwezi kuijua ni ya upande gani. Mimi nilikuwa nimeshika kifutio na sijui nilikitoa wapi.

Dokta Mugeta akawa wa mwisho. Akasimama. Akatikisa. Nikaangalia na mimi bega. Halikupanda. Mpira ukaenda kama umetumwa, ukatumbukia, na ile sauti yake ndani ya kopo la shimo tukaisikia wote.

"Bahati," akasema. Akainama, akautoa, akarudi nyuma hatua moja.

"Dokta, mara moja moja," Kapteni akasema. "Tupige kura. Madam hapigi, upande wake unajulikana. Anayezitaka anyooshe mkono."

Wakanyoosha. Nikahesabu. Mmoja, wawili, watatu, yule mpole wanne. Watano.

"Wasiozitaka." Akanyoosha na Kapteni mwenyewe. "Samahani, fundi. Nimeona kumi na moja mbovu na moja nzima. Siwezi kuipigia kura hiyo moja." Sikumchukia, alikuwa anasema kweli. Pamoja naye, watano.

Watano kwa watano. Kila mtu akageuka kumtafuta wa kumi na moja.

Dokta Mugeta hakuwa amenyoosha mkono kwa upande wowote. Alikuwa ameinama hatua nne kutoka shimoni, mikono yote miwili imeshika fimbo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Dokta! Unazitaka au huzitaki?"

"Ngoja kwanza, mnanitikisa."

Akausukuma. Ukaingia. Akaukimbilia kama mtoto, akautoa, akarudi hatua tano.

"Dokta Mugeta!"

"Nini?" akasema kwa hasira. "Hii hairudi kwa Shija. Shija atatengenezewa nyingine."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Mwalimu, una masikio au una kitabu tu?"

Kapteni akaandika. Sita.

Wengine walipiga makofi, siyo wote. Madam Eufrasia alinikumbatia na unga wangu. Muzamil hakuruka, hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: "Kile chumba dirisha lake liko upande gani?"

"Mashariki," Kapteni akamjibu. "Na zile kumi na moja nazitaka Jumamosi ijayo, zimepunguzwa, na nitazijaribu mimi mwenyewe moja moja kabla sijatoa ufunguo."

Siku saba, fimbo kumi na moja. Uso wa Muzamil ukarudi kuwa kijivu pale pale. Akampigia Mwanaamina, akamwambia, "Tayari," halafu akasema, "Bado," nikasikia mke wake akimuuliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Alifunga fimbo zake kwenye kanga. Kisha akaniomba ndoo ya unga, ambayo ilikuwa imebaki tupu, akaenda nayo mpaka ukingoni mwa duara la mazoezi, akapiga magoti, akaanza kuchota mchanga wa oili kwa viganja. Kapteni alimwona, akafungua mdomo, akagusa mfuko wa kitabu, akaufunga mdomo.

Ndoo ikajaa. "Haitoshi kupimia," Muzamil akasema.

Nikaenda jikoni kumletea sufuria.